Kununua Shingo Mpya ya Gitaa la Umeme: Ipi Hubadilisha Sauti na Ipi Hubadilisha Sura Tu

Mwaka 1950 Leo Fender alipoanza kuuza gitaa la umeme ambalo shingo yake imefungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne, bila gundi, alirahisisha kazi ya kiwandani na ya matengenezo kwa pamoja: shingo ikiharibika, hufunguliwa na kuwekwa nyingine. Uamuzi huo ndio uliozaa soko zima la shingo za kubadilisha, na ndiyo maana mwongozo huu unahusu gitaa za Fender za aina ya Telecaster na Stratocaster pamoja na zile nyingi zilizotengenezwa kwa kuziiga. Mwenye Gibson Les Paul, ambayo shingo yake imegandishwa kwa gundi, hana cha kununua hapa. Kazi yake ni ya fundi hodari, na ni ghali.

Kabla ya kuzipanga shingo kwa ubora ni lazima tuelewe shingo inaifanyia nini sauti. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, nayo hufuata mwendo wa uzi wa chuma peke yake, kwa hiyo shingo haiwezi kugusa sauti ila kwa kubadilisha jinsi uzi unavyotetemeka. Njia yake kuu ya kufanya hivyo ni kuunyang'anya uzi nguvu. Ukibonyeza noti ambayo masafa yake (kasi ya mtetemo) yanakaribiana na yale ambayo shingo yenyewe hutikisika kwa urahisi, shingo huanza kutikisika pamoja na uzi, nguvu hupotelea humo, na noti hiyo hufa mapema ilhali jirani zake bado zinalia. Watafiti wa Ujerumani Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker walilipima jambo hili katika miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba noti zinazokufa huenda sambamba na wepesi wa shingo kutikisika mahali uzi unapobonyezwa, kwa sababu upande wa daraja, yaani mahali nyuzi zinaposhikwa kwenye kiwiliwili, kwa kawaida ni mgumu zaidi. Wapigaji wa besi wanaifahamu kero hii: jaribu uzi wa G kati ya freti (vyuma vinavyokata shingo kwa upana) ya 5 na ya 7 kwenye besi nyingi za muundo wa Fender, na utasikia noti moja inayokata pumzi kabla ya wenzake.

Kutokana na hayo, mimi huichagua shingo kwanza kwa ugumu na uzito wake, kisha kwa jinsi inavyokaa kwenye kiwiliwili, na jina la mti hulifikiria mwisho. Unene ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa ugumu wa kipande cha mbao hukua kwa mchemraba wa unene wake: shingo yenye kina cha milimita 25 ni ngumu karibu mara mbili ya ile ya milimita 20 iliyochongwa kwa mti uleule na kwa upana uleule. Hakuna tofauti ya mti na mti, kati ya miti inayotumika kwa kawaida, inayofikia kiasi hicho.

Chaguo la kwanza, kwa wanunuzi wengi, ni shingo mpya ya mepoli iliyookwa (mepoli ni mti mgumu unaotumika sana kwa shingo), yenye unene wa wastani au zaidi, kutoka kwa mtengenezaji mwenye leseni ya Fender kama vile Warmoth wa jimbo la Washington, Allparts wa Texas au Musikraft wa New Jersey. Leseni hapa ina maana ya vitendo, kwa sababu vipimo vya kisigino cha shingo, yaani ncha inayofungwa kwenye kiwiliwili, hufuata vile vya asili na kwa kawaida shingo huingia mahali pake bila kuchongwa upya. Mepoli iliyookwa imepashwa joto kali mahali pasipo na hewa ya kutosha kuiunguza. Hubadilika rangi ikawa ya kahawia, hupungua uzito kidogo, na hunywa unyevu kidogo kuliko mepoli ya kawaida. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam na kusafiri na gitaa hadi Nairobi au Dodoma, sifa hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko nyingine zote, kwani shingo inayovimba na kusinyaa hubadilisha urefu wa nyuzi juu ya freti, na hapo mlio wa kukwaruza huanza. Mepoli ya kawaida nayo ni nzuri, mradi iwe imepakwa vanishi. Warmoth hawaidhamini shingo ya mepoli isiyookwa ikiachwa bila kupakwa.

Uliza pia kuhusu fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Fimbo moja ya kizamani ni nyepesi na huvuta upande mmoja tu, wakati ile ya kisasa inayofanya kazi pande zote mbili huongeza uzito na hukupa uwezo wa kuinyoosha shingo iliyopinda kinyumenyume. Uzito huo huhamisha masafa ya shingo, hivyo noti iliyokuwa ikifa inaweza kupona na nyingine, mahali usipopiga sana, ikachukua nafasi yake. Vivyo hivyo kwa vifunguo vizito vya kukazia nyuzi: kichwa cha shingo kikiongezewa uzito hutikisika polepole zaidi, kama rula iliyobanwa ukingoni mwa meza na kubandikwa sarafu kwenye ncha yake.

Nafasi ya pili naipa shingo ya kiwandani iliyotumika, iliyofunguliwa kutoka kwenye gitaa jingine la Fender au la Squier, chapa yake ya bei nafuu. Bei yake mara nyingi ni ndogo, mbao zake zimekwisha kutulia, na ikiwa imepinda utaiona kabla ya kulipa. Ishike kichwa kikiwa karibu na jicho, uangalie kwa urefu wake ukiilinganisha mistari miwili ya pembeni. Mmoja ukiwa umejinyonga kuliko mwingine, iache, kwa sababu fimbo ya ndani hairekebishi mnyongo. Zungusha fimbo robo mzunguko kila upande uhakikishe kwamba inashika. Anayedhani kwamba shingo isiyozaliwa na gitaa hilo italiharibia tabia akumbuke gitaa jeusi la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, lililouzwa kwenye mnada wa Christie's mjini New York mwezi Juni 2019 kwa dola 3,975,000: lilikuwa limebadilishwa shingo mara kadhaa, nyingine za mepoli na nyingine zenye ubao wa vidole (uso wa shingo unaobonyezewa nyuzi) wa mti wa roziwudi.

Ya tatu ni shingo fupi, inayoligeuza gitaa la urefu wa nyuzi wa milimita 648 kuwa la milimita 628, ambao ni urefu wa Gibson, bila kusogeza daraja. Hii ndiyo shingo inayobadilisha sauti kwa namna ambayo hata msikilizaji anaweza kuitambua. Mkazo wa nyuzi hupungua kwa takriban asilimia 6, nyuzi hulainika chini ya vidole, na ukali wa juu hupungua kidogo. Naiweka ya tatu kwa sababu tu si kila mtu anahitaji badiliko hilo. Kwa mpigaji wa muziki wa dansi anayetaka nyuzi za juu ziendelee kung'ara ndani ya gitaa tatu zinazopishana, urefu wa kawaida unafaa zaidi.

Shingo ya nyuzi za kaboni, kwa kigezo cha ugumu peke yake, ingekuwa ya kwanza, na unyevu wa pwani hauisumbui. Bei na ugumu wa kuipata ndivyo vinavyoishusha. Shingo za mti wa wenge ni njia ya katikati: ngumu kuliko mepoli, na hazihitaji vanishi.

Shingo zisizo na jina, zinazouzwa mtandaoni kwa chini ya dola 100, ni za mwisho. Baadhi ni nzuri ajabu, lakini freti zake karibu kila mara zinahitaji kusawazishwa, na malipo ya fundi yakijumlishwa na usafiri na ushuru wa forodha, nafuu yote hutoweka.

Kuhusu ubao wa vidole, ushauri wangu ni huu: lipia rangi na mguso, usilipie sauti. Uzi unapobonyezwa hukaa juu ya freti ya chuma, na ubao wenyewe ni wa unene wa milimita chache juu ya shingo nzima. Mpingo wetu, unaovunwa kusini mwa Tanzania kwa ajili ya klarineti na oboe, una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo na ni mgumu sana, hivyo ukiupata kama ubao unaongeza ugumu kidogo. Napenda kuuona kwenye gitaa, lakini hautaziponya noti zinazokufa kwenye shingo nyembamba. Mpingo na aina nyingi za roziwudi viliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 2017, na tangu Novemba 2019 sehemu za ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti hayo, kwa hiyo kuagiza shingo iliyokamilika, isipokuwa yenye roziwudi ya Brazil, hakuhitaji tena kibali cha masharti hayo.

Kabla ya kulipa, pima nafasi ya shingo kwenye kiwiliwili chako. Kipimo cha kawaida ni upana wa takriban milimita 56, lakini gitaa nyingi za bei nafuu hazikifuati. Kisigino cha Stratocaster kimeviringwa na cha Telecaster kimekatwa mraba. Cha kwanza huingia kwenye Telecaster na kuacha upenyo mdogo, cha pili hakikai vizuri kwenye Stratocaster.

Siku ya kuifunga, ikiwa matundu ya kisigino yamekwisha tobolewa, zungusha kila skrubu kinyume kwanza mpaka usikie imeangukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukishafunga nyuzi na kuzikaza, legeza skrubu zote robo mzunguko ili mkazo wa nyuzi uivute shingo hadi ishikamane na kiwiliwili, kisha zikaze tena. Baada ya hapo piga kila noti kwenye nyuzi zote bila amplifaya, na ukikuta inayokufa, bana kibanio kidogo kizito kichwani uisikilize tena: ikipona, vifunguo vizito zaidi vitakutosha.