Linux Mint kwenye steshenari: kinachokubali na kinachogoma

Kompyuta za steshenari yangu ni mtumba, Core i5 za kizazi cha sita, RAM GB 8. Hazina tatizo lolote, ila Windows 11 haizitaki: inadai prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Na Windows 10, usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi akaniambia atanipigia Windows 11 ya kuchakachua, "itaingia tu, bosi." Mimi nikachagua Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo la Cinnamon (hilo ni jina la mwonekano wake).

Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Ukishaliandaa kwenye flashi unawashia kompyuta humohumo, na Mint inafunguka yote bila kugusa diski yako. Kuipiga moja kwa moja kwenye diski ni kujibu maswali machache. Nusu saa haiishi, na LibreOffice (programu za ofisi, mbadala wa Word na wenzake) na Firefox ya kuingilia mtandaoni unazikuta ndani.

Binti anayenisaidia kaunta sikumfundisha chochote. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, faili unalibofya mara mbili linafunguka. Kazi zetu nyingi siku hizi ziko mtandaoni: maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, kazi za serikali kwenye Ajira Portal, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, Word imeenda wapi?" Nikamwonyesha Writer ya LibreOffice, akaendelea na barua yake.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni flashi za wateja. Mwenye steshenari anavijua vile virusi vinavyoficha mafoda na kuacha "shortcut" mahali pake, mteja anahema akidhani ripoti ya mafunzo kwa vitendo imepotea. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Mint vinabaki faili lisilo na kazi. Zaidi ya hapo, foda lililofichwa linaonekana waziwazi, kwa sababu Linux haijali ile alama ya kuficha ya Windows. Unakopi, unaprinti, mteja anaondoka akikuona mganga.

Sasa mafaili ya Word. Barua na CV hazisumbui: Liberation Serif, inayokaa badala ya Times New Roman, ina upana uleule wa herufi, hivyo mistari haihami ovyo. Balaa liko kwenye ripoti za chuo zenye majedwali, mapambo ya ukurasa wa mbele na orodha ya yaliyomo. Hizo huhama, na mteja mwenye muda wa mwisho wa kukusanya saa kumi hataki kusikia habari za programu huria. Tumeweka utaratibu: njoo na PDF. Wengi wanatii, wachache wananuna.

Kadi za michango ya harusi ndizo zilizonishinda kabisa. Sampuli zote za mtaani ziko kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Draw, programu ya michoro ya LibreOffice, inayafungua mafaili hayo, lakini maua yanaenda huku na majina ya maharusi kule. Ndiyo maana mashine moja imebaki na Windows, na sioni ikiondoka karibuni.

Printa nayo ni bahati. HP LaserJet yangu ilitambuliwa nilipochomeka waya tu. Ile ya kampuni nyingine ilinipeleka kwenye skrini ya kuandika amri, mambo ambayo mtu wa kawaida hapaswi kuyaona, na fundi wa jirani alipoiona skrini ile aliniachia mwenyewe. Hapo ndipo ugumu halisi ulipo: Windows ikileta shida, kila kona kuna mtu wa kukusaidia kwa elfu kumi, Mint ikileta shida, uko wewe na Google.

Masasisho hayakuzimii mashine katikati ya kazi, yanakusubiri uyaruhusu. Washa Timeshift mapema, inahifadhi hali ya mfumo ili uweze kuirudisha sasisho likiharibu kitu.

Anayetaka kujaribu, asifute Windows yake kwanza. Washa kwa flashi, chomeka printa unayoitegemea, toa karatasi moja. Ikigoma hapo, tafuta dereva yake (programu inayoiwezesha printa kuzungumza na kompyuta) kabla ya kubonyeza kitufe cha kusakinisha.