Ngome ya Duntulm kisiwani Skye: uende au upite tu?

Haya watu wangu, mambo vipi, leo niko kisiwa cha Skye huko Scotland, kaskazini kabisa kwenye rasi ya Trotternish, na hilo gofu mnaloliona nyuma yangu ndo Duntulm, ngome ya ukoo wa MacDonald. Mtanisamehe kwa huu upepo, maiki nimeivalisha soksi lakini wapi.

Niseme mapema msije mkanilaumu, ngome yenyewe imebaki kidogo sana. Kama umezoea magofu ya Gede kule Kenya, ambako unatoka nyumba hii unaingia ile, hapa hamna hiyo kitu, ni vipande vya ukuta, majani, na mavi ya kondoo kila unapokanyaga. Wenyewe walihama miaka ya 1730 hivi wakaenda kujenga nyumba yao ya Monkstadt hapo jirani, na mawe wakayachukua hukuhuku, halafu bahari nayo inakula mwamba taratibu, karne iliyopita hata mnara uliporomoka. Ndo maana kuna uzio na vibao vya hatari, na nawaona watu wanauruka kwa ajili ya selfi, jamani, pale chini ni mawe matupu!

Sasa utamu wake ni mahali ilipo. Simama hapa nilipo, pande tatu ni jabali linashuka wima, mbele kile kisiwa kidogo cha Tulm, na kukiwa kweupe unakiona kisiwa cha Lewis na Harris ng'ambo ya mlango wa bahari wa Minch. Hakuna mashua ingekuja bila kuonekana, na maadui walikuwepo, maana ukoo wa MacDonald na ule wa MacLeod waligombania hii Trotternish vizazi na vizazi.

Na kuna kisa wanakisimulia, cha Hugh MacDonald, huyu alipanga kumuua mkuu wa ukoo ambaye ni jamaa yake, akaandika barua mbili, moja tamu ya kumkaribisha mkuu, nyingine ya mpango wa mauaji, basi akazichanganya! Mkuu akapata ile ya mauaji. Wakamfungia humu ndani wakamlisha nyama ya chumvi bila maji hata tone, mpaka kiu ikammaliza. Mimi hiki kisa kimenikaa kuliko kuta zenyewe.

Kiingilio hakuna. Maegesho ni nafasi ya magari machache tu kando ya barabara, na hii barabara ni nyembamba, zile sehemu za kupishana usipaki, wenyeji wanakasirika na wana haki. Vaeni buti, njia ina matope. Watoto wadogo mimi nisingewaleta, labda umshike mkono muda wote.

Ukitaka ngome yenye paa na vyumba nenda Dunvegan kwa kina MacLeod, ile ya kulipia. Mimi naelekea Kilmuir hapo mbele kwenye kaburi la Flora MacDonald, yule aliyemtorosha Prince Charles Stuart, aliyekuwa anawania kiti cha ufalme na kusakwa na jeshi la serikali, mwaka 1746 akiwa kavalishwa gauni kama mfanyakazi wa kike, hiyo ndo video inayofuata.