Mwaka mmoja na SimBrief: kupanga safari na kugawa namba za shirika letu la kubuni, Dodoma

Nimeitumia SimBrief, tovuti ya kupangia safari za ndege za mchezo wa kompyuta, mwaka mzima, karibu kila jioni nikishatoka kazini, hapa Nkuhungu. Tuko marubani saba wa kwenye kompyuta, na shirika letu la kubuni lina makao yake Dodoma kwa sababu tulitaka safari zianzie nyumbani. Anayetaka kuanzisha la kwake, haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, ni bure. Unajisajili, unaandika HTDO (Dodoma) uwanja wa kuondokea na HTDA (Dar es Salaam) wa kufikia, unachagua ndege (sisi tunapenda Q400), na muda mfupi tu mpango unatoka: njia, upepo, hali ya hewa, uzito. Kilichonifurahisha zaidi ni mafuta. Yamechambuliwa moja moja: ya kutembea ardhini, ya safari yenyewe, akiba ya asilimia 5, ya kwenda uwanja mbadala, na ya mwisho kabisa ya kuzunguka angani dakika 30. Dodoma iko zaidi ya futi 3,600 juu ya usawa wa bahari, na jua la saa nane mchana likiwaka hewa inakuwa nyepesi. Ndege iliyojazwa mafuta isiyoyahitaji inachelewa sana kuinuka. Dar ni maili 210 tu za baharini, hakuna sababu ya kubeba matangi yaliyojaa.

Namba za safari, hizo mnazipanga wenyewe. Kuna kisanduku, unajaza mwenyewe, na hapa ndipo tulipopata shida. Tulianza hivi: tarakimu ya kwanza ni kanda (1 Pwani, 2 Kaskazini, 3 Ziwa, 4 Nyanda za Juu Kusini), witiri inatoka Dodoma, shufwa inarudi. Dar ikawa 101 na 102, Mwanza 301 na 302. Kwenye karatasi inapendeza. Jumamosi moja tukaruka wote VATSIM, mtandao wa marubani na waongoza ndege wa kwenye kompyuta, mwongoza ndege akaita 301 ashuke, na wa 101 akaitikia na kuanza kushuka. Masikio yanashika mwisho wa namba, si mwanzo.

Tukakaa usiku ule tukazipanga upya. Sasa Dar ni 127 na 128, Kilimanjaro 243 na 244, Mwanza 351 na 352, Mbeya 469 na 470. Sharti ni moja: ndege mbili zilizo angani kwa pamoja zisiwe na miisho inayofanana. SimBrief inasaidia hapa, maana ina sehemu ya pekee ya jina la kuitwa redioni, tofauti na namba ya safari. Unaweza kuweka herufi mwishoni, mradi jumla isizidi alama saba pamoja na zile herufi tatu za shirika. Ni tatu, si mbili. Air Tanzania kwenye tiketi ni TC, lakini kwa waongozaji ni ATC, na wageni wengi wa mchezo huu huchanganya hapo.

Kijana wetu mpya aliniuliza, "Kaka, kwa hiyo namba witiri inaruka futi witiri?" Swali zuri sana, kwa sababu safari ya 127 inaelekea mashariki, na mashariki ndiko kwenye viwango vya elfu witiri kama futi 17,000 au 19,000. Lakini 351 ya Mwanza inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo inapanda 18,000 au 20,000 ingawa namba yake ni witiri. Kiwango hufuata uelekeo wa ndege. Namba ni makubaliano yenu.

Jambo la saa nalo msilidharau. Mpango unaandika saa za dunia (UTC), zenye herufi Z mwishoni. 0700Z ni saa nne asubuhi kwetu, ila mwenzetu mmoja aliisoma saa saba akaingia saa saba mchana, wakati sisi tumeshatua zamani. Siku hizi tangazo letu la safari linaandika zote mbili, "0700Z, saa nne asubuhi", na hakuna aliyechelewa tena.

Data za njia za anga hubadilika kila baada ya siku 28, na za bure huwa za zamani. Mpya zinahitaji kulipia Navigraph, kampuni inayouza data hizo. Kwa safari za ndani ya Tanzania bure imenitosha kabisa. Ningelipa kama ningekuwa naruka Ulaya kila wiki.

Ushauri wa mwisho ni wa bando na umeme, visije vikakatika kabla hujaruka. Mpango ukishatoka, ushushe papo hapo uuhifadhi kwenye simu. Mimi huuandaa mapema jioni, nikifika kwenye kompyuta kazi iliyobaki ni kuwasha injini.