Besi ya bei nafuu Kigoma: pesa yako ianzie wapi

Besi nyingi zinazopigwa kwenye kwaya za Mwanga, Ujiji na Kasulu, na hata kwenye bendi zinazopiga rumba wikiendi, ni za bei ya chini. Karibu zote zimeiga magitaa mawili ya kampuni ya Fender: Precision, lililotoka 1951, na Jazz Bass, lililotoka 1960. Mbao zake mara nyingi si mbaya, na urefu wa nyuzi kwa kawaida ni uleule wa inchi 34 unaoukuta kwenye gitaa la bei kubwa. Kiwanda kinapobana gharama hubana kwenye nyuzi, kwenye muda wa fundi kulirekebisha gitaa kabla halijafungwa boksini, na kwenye vifaa vidogo vya umeme vilivyo ndani. Yote matatu yanarekebishika bila kununua besi nyingine. Ndiyo maana huwa naumia nikiona kwaya inachangishana kununua gitaa jipya wakati lililopo halijawahi kubadilishwa nyuzi tangu lifike.

Nimepanga orodha hii kwa kigezo kimoja: sauti unayoipata kwa kila shilingi unayotoa, kwa mtu ambaye besi yake inaingia kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya kanisa au ya ukumbi. Anayerekodi studio anaweza kuipanga vingine.

1. Nyuzi mpya, na marekebisho siku hiyohiyo

Hapa hakuna ubishi. Uzi uliokula jasho na vumbi kwa mwaka mzima hauimbi tena, unalia kama ngoma iliyonyeshewa. Unyevu wa ziwa na jasho la ibada ndefu huleta kutu haraka, hasa kwa anayeweka gitaa bila kulifuta.

Kwa wapiga besi wengi wa huku napendekeza nyuzi za nikeli zenye mikwaruzo, zile ambazo pakiti yake huandikwa "roundwound". Zina mng'ao wa kutosha kusikika katikati ya kinanda na ngoma, na hazili freti (vile vyuma vya shingoni) haraka kama za chuma cha pua. D'Addario EXL170 ina unene wa 45 hadi 100 (kwa elfu za inchi), na ni rahisi kwa vidole. Ernie Ball Regular Slinky ni 50 hadi 105, nzito kidogo, na kwa anayepiga kwa nguvu ndiyo bora. Nyuzi bapa, zilizoandikwa "flatwound", zina bei kubwa zaidi lakini hudumu miaka, na sauti yake ni ya duara, ya zamani. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alipiga nyuzi bapa na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Kama kwaya yenu inaimba taratibu na hamtaki mlio wa vidole vikiteleza, zichukue hizo. Kwa sebene mimi nabaki na za mikwaruzo.

Kabla ya kuagiza, pima kutoka kwenye kijipande chenye mifereo juu ya shingo hadi kwenye daraja, yaani chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini. Ikiwa ni takriban sentimita 86, nunua seti ndefu ya kawaida. Ikiwa ni kama 76, besi yako ni fupi na ina seti zake. Na ukiwa na besi ya nyuzi tano, usichukue seti ya nyuzi nne ukitumaini kuupata wa tano baadaye, maana ule mnene ukinunuliwa peke yake ni mgumu kupatikana na huenda usilingane na wenzake.

Watu huchemsha nyuzi kuukuu, na ni kweli zinaamka: maji ya moto hutoa mafuta na uchafu ulioingia kati ya mizunguko ya waya. Lakini haidumu, na usipozikausha vizuri unakaribisha kutu. Fanya hivyo ukiwa na ibada kesho na huna pesa leo.

Sasa marekebisho. Haya hayagharimu kitu ukiwa na funguo za alenki zilizokuja na gitaa, rula ya shule na simu yenye programu ya kutuni. Weka nyuzi mpya, tuni, kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Tazama nafasi iliyobaki karibu na freti ya saba. Ikitosha kadi ya biashara kupita, shingo iko sawa. Ikiwa pana zaidi, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, uache gitaa litulie, upime tena. Ikiwa uzi umelala kabisa kwenye freti, legeza robo. Usizidishe zaidi ya robo kwa mara moja, na kikikataa kuzunguka usikilazimishe.

Kisha angalia nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya freti ya 12. Milimita 2 hadi 2.5 inatosha watu wengi. Mwisho linganisha sauti mbili za freti hiyohiyo: ile ya kugusa uzi juu ya chuma bila kuubana, na ile ya kuubana. Ya kubana ikiwa juu, sogeza kikalio cha uzi huo darajani kirudi nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Ukitumia simu, uzi wa E huisumbua kwa sababu una Hz 41 tu (mitetemo 41 kwa sekunde) na maikrofoni ya simu haiusikii vizuri. Ugusie kwenye freti ya 12, ulie Hz 82, simu itausoma mara moja.

Rudia kupima shingo mvua zinapoanza, na tena kiangazi cha Juni kinapoingia. Mbao hubadilika na hali ya hewa, na besi iliyokuwa tamu Agosti inaweza kuvuma kwenye freti Desemba.

2. Boksi la DI

Hiki kisanduku cha kuunganisha besi na mikisa ndicho kifaa ambacho makanisa mengi hayana, na ndicho ningekinunua kabla ya kitu kingine chochote chenye waya. Besi isiyo na betri inatoa mawimbi dhaifu, na inahitaji kifaa cha kuipokea bila kuinyonya. Mlango wa kawaida wa mikisa umetengenezwa kwa ajili ya kinanda, ambacho kina nguvu. Ukichomeka besi pale, mlango unainyonya nguvu, sauti za juu zinakufa, unabaki na mvumo usio na sura. Hapo ndipo mtu wa mitambo anaongeza sauti nzito kwenye ikwalaiza, na mambo yanaharibika zaidi.

Boksi la DI linapokea besi inavyotaka kupokelewa, kisha linaipeleka mikisani kwa waya wa maikrofoni, hata kama mikisa iko mwisho wa ukumbi, bila kuokota mvumo njiani. Kwa besi isiyo na betri chukua boksi linalotumia umeme wake, yaani betri ya volti 9 au volti 48 kutoka mikisani. Kwa besi yenye betri, lile la kawaida lisilohitaji umeme linatosha, na huwa la bei ya chini zaidi. Kabla ya kulipa, kagua mikisa yenu: baadhi zina kitufe kilichoandikwa "Hi-Z" kwenye njia moja au mbili. Kama kipo, chomeka besi hapo na pesa yako itakaa mfukoni.

Anayetaka kuunganisha mambo mawili atazame Behringer BDI21. Ni DI na kirekebisha sauti kwa pamoja, ganda lake la plastiki, halipendi kukanyagwa kwa buti, lakini kwa kwaya inayoanza linafanya kazi kubwa.

3. Waya mzuri, mfupi

Mita 5 au 6, usiozidi. Besi isiyo na betri inapoteza ung'avu kadiri waya unavyorefuka. Chagua jeki za chuma zinazofunguka kwa kuzungushwa, ili waya ukikatika fundi redio aunganishe kwa risasi badala ya kuutupa. Usiazime waya wa spika hata siku moja: haujakingwa, utavuma tu.

4. Usafi wa umeme wa ndani

Vitufe vya sauti vikikwaruza, dawa ya kusafishia swichi inamaliza tatizo kwa pesa kidogo. Kitufe kikifa kabisa, badilisha na cha kilo-ohm 250, na kapasita ya toni iwe ya mikrofaradi 0.047. Fundi redio yeyote anayejua kuchomelea anaweza kazi hii.

Besi ikivuma na mvumo ukapungua unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Lakini ukipigwa na umeme midomo inapogusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga, zima mitambo, itafutwe ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Zaidi mkiwa mnatumia jenereta. Hili si suala la sauti tena.

5. Pikapu mpya

Pikapu ni zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi. Hapa ndipo vijana wengi hutaka kuanzia, nami nawaomba wasubiri. Seti ya DiMarzio au Seymour Duncan inaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe, na ukiifunga juu ya nyuzi zilizokufa hutaisikia. Kwanza chukua bisibisi upandishe au ushushe pikapu ulizonazo. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na sumaku, kisha sikiliza. Ukizisogeza karibu mno sumaku inavuta uzi na tuni inayumba.

Ukiwa umefanya yote ya juu na bado sauti ni nyembamba, basi nunua. Pima kwanza: kwenye Jazz halisi pikapu ya upande wa shingo ni fupi kidogo kuliko ya darajani, lakini baadhi ya nakala zina mbili zinazolingana.

6. Pedali za athari

Zoom B1 Four ni nzuri kwa kufanyia mazoezi nyumbani kwa spika za masikioni usiku. Jukwaani haitaokoa besi isiyorekebishwa.

7. Daraja zito

Linapendeza machoni. Kwenye sauti, tofauti ni ndogo mno kwa pesa yake.

Kuna vitu viwili havinunuliwi dukani, na kwenye rumba naviweka juu ya nusu ya orodha hii. Kata kipande cha sponji ya godoro, kiingize chini ya nyuzi kando ya daraja: sauti inakuwa fupi, nene, inakaa na ngoma. Precision za zamani zilikuja na sponji hiyo kiwandani, chini ya kifuniko cha daraja. Cha pili, mwombe mpiga kinanda apunguze mkono wa kushoto. Mkiwa wawili kwenye noti za chini hakuna anayesikika, na mtu wa mitambo hawezi kuwatenganisha.

Ukiagiza kutoka Kariakoo, iwe kwa basi au kwa treni ya Reli ya Kati, mwombe muuzaji akutumie picha ya pakiti ya nyuzi pande zote mbili kabla ya kulipa, kwa kuwa nyuzi bandia zipo. D'Addario halisi zina vipete vya rangi tofauti mwishoni mwa kila uzi. Boksi la DI na waya vijaribiwe mbele ya anayekuagizia, kwa besi yoyote iliyopo dukani, kisha vifungwe. Mzigo ukifika, fungua pakiti ya nyuzi siku ile utakayozifunga, si kabla.