Ginkgo au mafuta ya samaki?

Duka la dawa huziweka rafu moja, zote zikiahidi kumbukumbu, lakini si za kulinganishwa kirahisi. Ginkgo hutengenezwa kwa majani ya mti wenye asili ya China. Marekani waliijaribu kwa wazee 3,069 wa miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku. Matokeo yalitoka 2008: haikuzuia ugonjwa wa kusahau kuliko kidonge kisicho na dawa. Tena anayeimeza pamoja na warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini anaweza kuvuja damu zaidi. Kwangu hapo mjadala umekwisha.

Mafuta ya samaki yana hoja kidogo, maana DHA, aina ya mafuta yaitwayo omega-3, ni sehemu ya ubongo wenyewe. Ila kwa mtu mzima mwenye afya zake, ushahidi kwamba vidonge vitamwongezea kumbukumbu ni hafifu. Ukiamua kununua, geuza kopo. Ile "1,000 mg" ya mbele mara nyingi ni uzito wa mafuta yote. DHA na EPA, omega-3 nyingine, zimeandikwa nyuma kwa herufi za sisimizi, pengine 300 tu kwa pamoja.

Mimi hela hiyo naipeleka kwa muuza dagaa. Angalau nashiba.