Vidonge vya GS-441524 kwa paka mwenye FIP, baada ya siku 84

Jamani paka wangu kamaliza dozi nzima juzi nikaona niandike, maana nilivyokua nakesha naye nilitamani sana kumpata mtu aliyefika mwisho aniambie ukweli.

Ana miezi tisa. Tumbo lilijaa huku mgongo umebaki mifupa, homa haisikii antibayotiki, daktari akavuta maji tumboni yakatoka ya njano yanavutika kama ute wa yai, akasema FIP. Ni ugonjwa unaoletwa na kirusi cha korona cha paka, sio kile cha watu, paka wengi wanaishi nacho utumboni bila shida ila kwa wachache kinabadilika humohumo mwilini ndo kinaua. Zamani ukiambiwa FIP ulikua unaenda kuaga tu. Mwaka 2019 ndo mtafiti Niels Pedersen na wenzake wa UC Davis, chuo kikuu cha Marekani, wakatoa matokeo ya paka 31 waliochomwa sindano za hii dawa ya GS-441524, 26 wakamaliza wiki 12. Ni ndugu wa damu wa remdesivir, ile dawa ya korona ya watu, inazuia kirusi kisijinakili.

Kwangu homa ilishuka siku ya pili, ya tatu kala mwenyewe nikalia, wiki mbili tumbo limekauka.

Sasa shida zake. Vidonge ukivikata nusu vinageuka unga, hilo linakera kila siku. Kubwa zaidi ni mizani, dozi inaenda kwa uzito na paka anayepona ananenepa haraka sana, mimi wiki ya tano nikapitiliza kumpima kumbe kaongezeka gramu 400 na bado nampa dozi ya zamani, daktari akaipandisha siku hiyohiyo. Pima kila wiki hata kama anaruka ruka.

Mtu atauliza mbona siku 84 wakati kuna utafiti wa Ujerumani wa 2024 unasema 42 zinatosha. Ni kweli, paka 40, nusu siku 42 nusu 84, 38 wakapona na hakuna kundi lililolizidi lingine. Ila wale walikua na maji tumboni au kifuani, wangu alikua na ukungu jichoni pia, na FIP ikifika jichoni au kwenye ubongo dawa inapenya kwa shida ndo maana dozi yenyewe inakua kubwa. Daktari akakataa kufupisha na namshukuru.

Pia tafuta ya kuandikiwa na daktari, Uingereza ipo tangu 2021 na Marekani tangu Juni 2024. Miaka ya nyuma watu walinunua kwa magendo vichupa visivyoandikwa hata kiasi cha dawa kilichomo, wakachoma paka sindano zinazouma mpaka ngozi inatoka vidonda, na siwalaumu hata kidogo, hawakua na njia nyingine.

Natoa nyota 5, hiyo ya kuvunjika nimesamehe. Sasa tupo kwenye zile wiki 12 za kuangalia kama itarudi, damu ya juzi imetoka safi, jicho limekua angavu, na Jumapili bado namweka kwenye mizani.