Sanduku la safari@ ni la nani? Mifumo mitatu ya barua pepe niliyoijaribu ofisini

Dada aliyekuwa anatushikia mauzo aliondoka Septemba 2024, katikati ya msimu, kwa heri kabisa. Hadi keki tulimkatia. Wiki moja baadaye wakala wetu wa Ujerumani akanipigia simu. Kundi lake la watu 12 linatua KIA Alhamisi, mbona hajathibitishiwa loji ya Karatu? Nikaanza kutafuta. Mazungumzo yote yalikuwa kwenye Gmail yake binafsi yule dada, ile ile aliyoanza nayo kazi tukiwa watu wanne na hakuna aliyejali. Nilimpigia, akanitumia kila kitu siku hiyo hiyo, Mungu ambariki. Lakini usiku ule usingizi ulikuwa wa kuibia. Je, angekuwa ameondoka kwa ugomvi?

Leo tuko 19. Ofisi iko Njiro, Arusha; tunauza safari za mbuga za kaskazini na kupandisha wageni Kilimanjaro. Masika ya 2025, wageni walipopungua, nilikaa na mifumo mitatu: Google Workspace, Microsoft 365 na Zoho. Yote ina muda wa kujaribu bure. Google walinipa siku 14, Zoho siku 15, Microsoft mwezi mzima. Ninayoandika hapa nayaandika baada ya kumaliza msimu mzima na ule niliouchagua. Mimi si mtu wa IT, mimi ni mtu wa kotesheni na vocha, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa.

Anwani za domeni yetu ya .co.tz tulikuwa nazo tangu zamani, zile unazopewa bure ukilipia hosti ya tovuti. Aliyetuuzia sitamtaja. Bei ilikuwa nzuri, ila seva tulikuwa tunaigawana na watu nisiowajua, na mmoja wao akimwaga matangazo ya ovyo, sote tunahesabiwa wahuni. Unamtumia mgeni kotesheni ya dola 9,000, inatua kwenye barua taka, wewe huku unasema Wazungu siku hizi hawajibu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi: ukituma bila domeni yako kuthibitishwa kwa SPF au DKIM (maandishi ya kuonyesha kwamba barua imetoka kwako kweli), usishangae barua ikirudishwa au ikitupwa pembeni. Ndiyo maana nusu ya ofisi walikuwa wamerudi kwenye Gmail zao binafsi. Sikuwalaumu.

Muuzaji wa kwanza niliyemwita alihesabu vichwa 19, akazidisha, akaniletea proforma. Nikamuuliza, na madereva? Akasema wote wanahitaji. Dereva wangu mkubwa anajua kila shimo kati ya Mto wa Mbu na lango la Naabi, na sijawahi kumwona akituma barua pepe. Ratiba anaipata WhatsApp kama PDF, anaisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na hajawahi kumkosa mgeni uwanjani. Nimlipie sanduku la nini? Tulipohesabu vizuri, wanaohitaji kweli wakawa tisa. Kama kuna fundisho la hela humu ndani ni hilo la kuhesabu, na halikutoka kwa muuzaji yeyote.

Jaribio langu lilikuwa moja kwa wote watatu. Anwani ya pamoja ya ofisi, safari@, isomwe na watu watatu, yeyote ajibu kwa jina la safari@ na si kwa jina lake, wenzake waone kwamba imejibiwa, na mmoja akiondoka isiondoke naye. Mengine yote niliyaona kama mapambo.

Nianze na Google maana ndiko moyo wangu ulikokuwa. Hakuna wa kufundishwa. Kila mtu anaijua Gmail tangu chuo. Na kwenye kuandika pamoja sijaona wa kuwafikia. Ratiba ya siku nane tuliiandika watu watatu kwa mpigo, mimi nikiwa Moshi kwa simu, wao ofisini, na hakuna aliyemfutia mwenzake. Hicho peke yake kilitaka kunifanya nitoe kadi. Tatizo likaja kwenye safari@. Google wanakupa njia ya kikundi: barua inaingia kwenye kikundi, unamkabidhi mtu fulani aishughulikie, akimaliza anaweka alama. Wazo zuri, na hulilipii sanduku la ziada. Ila kazi hiyo inafanyikia kwenye ukurasa wa vikundi, ndani ya kivinjari, si ndani ya Gmail yenyewe waliyoizoea. Dada wa mapokezi anajibu nusu ya barua akiwa amesimama, simu mkononi, wageni mbele yake. Baada ya siku tatu aliniambia, "Mama, huku nazunguka sana." Basi.

Bei ya chini, Business Starter, wakati ule ilikuwa dola 7 kwa mtu kwa mwezi ukijifunga mwaka, na GB 30 ambazo ni za barua, mafaili na picha kwa pamoja. Sisi ni watu wa picha. Mgeni mmoja anakutumia simba 40. Kurekodi vikao kunaanzia ngazi ya juu yake, ya dola 14.

Zoho nilikuwa naidharau, nakiri. Ni kampuni ya Wahindi wa Chennai, na bei zao mwanzo nilidhani nimesoma vibaya: barua tupu dola 1 kwa mtu kwa mwezi, na kifurushi chenye ofisi nzima ndani yake dola 3, ukilipa kwa mwaka. Halafu unaweza kuchanganya, huyu wa dola moja, yule wa dola tatu, chini ya domeni moja. Wana pia cha bure kwa watu watano, ila hicho unakisomea kwenye kivinjari au programu yao tu, huwezi kukiunganisha na Outlook. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba chini ya barua ya mteja unaweza kumwita mwenzako kwa jina ukamwandikia, "hii loji imejaa, tuwape ipi?", na mteja haoni. Kwetu kazi hiyo ilikuwa inafanywa na WhatsApp, na ndiyo maana kila mtu alikuwa anauliza, "ile ya Wafaransa tuliishia wapi?" Ningekuwa bado na watu wanne, nisingeangalia kwingine.

Kilichowaangusha Zoho, na Google pia kwa kiasi, ni faili moja. Mhasibu wetu alitengeneza kitabu cha gharama kwenye Excel miaka mitano iliyopita. Unaandika idadi ya wageni, mwezi, nani mkazi wa Afrika Mashariki na nani si mkazi, unabonyeza kitufe cha kijani, na kinakuvutia ada za hifadhi, za Ngorongoro, mafuta, posho ya mpishi, VAT ya asilimia 18, hadi maji ya kunywa. Kitufe hicho ni makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili zijiendeshe zenyewe. Makro za Excel hazifanyi kazi kwenye jedwali la Google, na hata Excel ya Microsoft yenyewe ikifunguliwa kwenye kivinjari haiziendeshi. Inataka Excel iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Nilimuuliza mhasibu kama anaweza kukiandika upya. Alinitazama kama nimemwambia auze shamba la baba yake.

Kwa hiyo Microsoft. Nao wanaruhusu kuchanganya: Business Basic, wakati ule kwa dola 6, ambayo Word na Excel zake ni za kivinjari na simu, na Business Standard, wakati ule kwa dola 12.50, yenye programu kamili za kusakinisha. Mimi, mhasibu na dada wa mapokezi tukachukua Standard. Sita waliobaki Basic. Hesabu inakuja dola 73.50 kwa mwezi, yaani 882 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni mbili. Google Starter kwa watu hao hao tisa ingekuwa 756, na Zoho ya dola tatu 324. Sikuchagua cha bei rahisi, na msomaji ajue hivyo mapema.

Nilichokinunua ni sanduku la pamoja. Kwa Microsoft, safari@ ni sanduku kamili lisilohitaji leseni yake mradi halijavuka GB 50. Halina neno la siri la kupeana kwenye karatasi. Kila mmoja anaingia kwa akaunti yake na kulikuta pembeni ya sanduku lake, kwenye kompyuta na kwenye Outlook ya simu. Kuna jambo moja la kurekebisha siku ya kwanza kabisa: kwa kawaida jibu alilotuma mtu kwa jina la safari@ linahifadhiwa kwenye barua zilizotumwa za mtu huyo, si za sanduku la pamoja. Wenzake hawalioni. Mnaweza kumpa mteja mmoja bei mbili kwa saa moja. Msimamizi anawasha mpangilio nakala ikae pande zote mbili, ni kubonyeza mara mbili tu. Sisi tuliuwasha kabla ya kumpa mtu yeyote ruhusa.

Na mtu akiondoka? Sanduku lake unaligeuza liwe la pamoja, ndipo unaondoa leseni. Barua zinabaki, hulipi. Agosti kijana wa operesheni alipata kazi Zanzibar. Nililigeuza sanduku lake nikiwa nakunywa chai, na aliyempokea akaendelea na barua pale pale zilipoishia. Nilimkumbuka yule dada wa keki.

Ukurasa wa usimamizi, lakini, ni Soko la Kilombero siku ya kwanza unapofika mjini. Kitu hicho hicho kina milango mitatu, na kila mlango umeandikwa jina tofauti kidogo. Uwe na kijana wa IT, hata wa kumlipa kwa siku.

Kuhama tulihama Ijumaa usiku mwanzoni mwa Juni. Barua za miaka sita zilivutwa kwa IMAP, njia ya kusoma barua moja kwa moja kutoka seva ya zamani, zikachukua hadi Jumapili mchana. IMAP inahamisha barua tu. Anwani za watu na kalenda tulizitoa kwa mkono, faili moja moja. Halafu ikaja ile SPF. Ni mstari mmoja wa maandishi unaowekwa kwenye domeni, unaotaja nani ana ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Wa zamani ulikuwepo, kijana akaongeza wa Microsoft chini yake. Miwili. Domeni inatakiwa iwe na mmoja tu, ikiwa miwili ukaguzi unashindikana kabisa, ni kama huna. Kosa letu wenyewe, tuligundua Jumatatu saa tatu asubuhi. Tukaiunganisha ikawa hivi:

v=spf1 include:spf.protection.outlook.com include:[seva ya tovuti] -all

Ile seva ya tovuti msiisahau, maana fomu ya kuombea safari kwenye tovuti inatuma barua kutoka huko, wala si Microsoft.

Kuhusu wizi nitakuwa mfupi ingawa ndiyo inayonitisha. Mwenzangu mmoja kwenye biashara hii aliingiliwa sanduku lake, mwizi akaweka kanuni ya kupeleka nakala ya kila barua nje, akasubiri wiki kadhaa, siku ya ankara kubwa akamwandikia mgeni, "tumebadilisha benki." Mgeni akalipa. Kwetu kila mtu anaingia kwa neno la siri pamoja na namba ya programu ya simu, si kwa SMS, kwa sababu laini zinaibiwa. Microsoft pia wanazuia, bila kuwaomba, barua kujipeleka zenyewe nje ya kampuni. Na zile nakala za pasipoti za wageni zilizokuwa zimetapakaa kwenye simu za watu tumezihamishia kwenye folda moja yenye ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na sikutaka kuwa mfano.

Jambo la intaneti. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, ofisi nyingi zilibaki kutazama ukurasa mweupe. Sisi tuliokoka kwa sababu kompyuta ya mapokezi ilikuwa na Outlook ya zamani yenye nakala za barua ndani yake. Vocha zikasomwa kwa simu ya kawaida, loji moja baada ya nyingine. Gmail nayo inaweza kufunguka bila mtandao kwenye Chrome, hadi barua za siku 90, ila lazima uwe umeiwasha kabla. Wangapi wamewasha?

Teams, programu ya Microsoft ya vikao na ujumbe, tumeishia kuitumia kwa vikao na mawakala wa nje tu. Nilitaka mazungumzo ya ofisi yahamie huko, nikaandika hadi tangazo. Yalidumu siku nne. Kundi la WhatsApp la "Operesheni Leo" lina madereva, na madereva ndio wenye habari: gari limekwama wapi, nyumbu wamevuka wapi. Nimeacha. GB elfu moja za mafaili kwa kila mtu nazo hatujafika hata robo.

Mkataba unaisha Juni. Mhasibu ameshaniambia leseni yangu ya Standard haina kazi, kwamba kwa mwezi mzima Excel niliifungua mara mbili, zote kwa bahati mbaya. Anataka anishushe Basic.